Baiti Zilizopungua Kwenye Btrfs

Programu ikiomba baiti 16384 kutoka kwenye faili, kerneli ina haki ya kuipa 4096 tu. Hiyo ni kanuni ya Unix tangu zamani: kerneli hutaja idadi iliyosoma, na mwenye haja huomba zilizobaki. Mwaka 2022 kanuni hiyo iliwatesa watumiaji wa hifadhidata ya MariaDB waliohifadhi data zao kwenye Btrfs, mfumo wa mafaili wa Linux. Hifadhidata ilidai kurasa zimeharibika, ilhali diskini zilikuwa salama.

Ukurasa wa InnoDB, injini ya MariaDB ya kuhifadhi data, kwa kawaida una kilobaiti 16. Ukisomwa moja kwa moja, data hutoka diskini hadi kwenye kumbukumbu ya programu bila kupitia kache ya kerneli. MariaDB ilituma maombi yake ya kusoma kwa io_uring, kiolesura cha kerneli ambacho hujaribu kwanza kusoma bila kusubiri. Sasa, Btrfs haiandiki juu ya data ya zamani, hivyo ukurasa mmoja unaweza kuwa umegawanyika vipande viwili diskini. Kipande cha kwanza kilisomwa, cha pili hakikusomeka papo hapo. Kuanzia Linux 5.16, iliyobadilisha njia hiyo ili kuondoa mkwamo wa aina nyingine, Btrfs ilirudisha kile kidogo ilichokwisha kupata.

Marekebisho yalikuwa mafupi. Ombi lisilotaka kusubiri likigusa zaidi ya kipande kimoja, Btrfs hurudisha EAGAIN, yaani “jaribu tena”, kabla ya kusoma chochote, na io_uring hulikabidhi kwa mfanyakazi wa kerneli anayeweza kusubiri. Naona ni uamuzi sahihi, ingawa Btrfs haikuvunja kanuni: programu nyingi mno zimeandikwa kwa kuamini kwamba faili la kawaida hutoa kila kilichoombwa.

Lakini mwandishi wa programu hajasamehewa, na kwake kuna mtego. Usomaji wa moja kwa moja hudai mahali pa kuanzia, urefu na anwani ya bafa vilingane na bloku, mara nyingi baiti 512 au 4096. Faili la baiti 1000 litarudisha 1000. Ukiendelea kuanzia hapo, unaweza kukataliwa kwa kosa la EINVAL, yaani ombi batili, badala ya kupewa sifuri inayoashiria mwisho. Kwa hiyo linganisha kwanza jibu na ukubwa wa bloku. Likigawanyika sawasawa, songa mbele uombe tena. Lisipogawanyika, angalia ukubwa wa faili kabla ya kuomba chochote. Mfano wa programu inayoushughulikia mwisho huo ni QEMU, inayoendesha mashine pepe: ikifika mwisho wa faili la diski ya mashine hiyo, hujaza sifuri kwenye baiti zilizobaki, kwa sababu mashine hiyo inatarajia sekta nzima.