Hitisinki ya Vipande vya Dirisha

Kwa fundi wa mjini Singida, kama kwa fundi wa karibu kila mji duniani, kompyuta ni mashine iliyofungwa. Prosesa haitengenezwi barazani. Mazabodi ina tabaka za shaba zilizofichwa ndani, mkono hauzifikii. Ramu ikiungua hutupwa, ikanunuliwa nyingine. Kazi inayobaki ni kuchomoa kipande kibovu na kuchomeka kizima. Kipo kiungo kimoja tu ambacho mtu mwenye msumeno wa chuma, tupa na msasa anaweza kukiunda tangu mwanzo hadi mwisho, kikafanya kazi sawa na cha kiwandani na mara nyingine kikakizidi. Nacho ni hitisinki, kile kipande cha alumini chenye mapezi kinachokaa juu ya prosesa na kuinyonya joto. Hapo fundi anaacha kuwa mbadilisha vipuri, anakuwa muundaji, na ndiyo sababu naona ufundi huu umenyimwa heshima yake unapoitwa ujanja wa asiye na fedha.

Joto hilo limekua pamoja na kompyuta zenyewe. Prosesa nyingi za 486, zilizoanza kuuzwa mwaka 1989, zilifanya kazi bila kipoza chochote. Pentium ya kwanza, ya 1993, ilitoa wati 15 hivi na tayari ikahitaji hitisinki. Kufikia 2004 zilikuwapo Pentium 4 zilizovuka wati 100, zote zikitoka kwenye kipande cha silikoni kisichofika sentimita mbili za mraba. Lakini kanuni zinazolitawala joto hilo hazina hakimiliki. Majabali ya granaiti yaliyouzunguka mji na Ziwa Singidani hubaki na uvuguvugu muda mrefu baada ya jua kuzama, kwa kuwa jiwe hulipokea joto polepole na kuliachia polepole. Hitisinki hutakiwa kuwa kinyume chake: ilipokee joto upesi kutoka eneo dogo, ilitandaze kwenye eneo kubwa, kisha iikabidhi hewa. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara 50 ya granaiti. Shaba huipita hata alumini, ila ni nzito, ni ghali, na tamaa ya shaba imeshaleta wizi wa kutosha wa nyaya za umeme. Tena anayeichoma plastiki ya waya ili apate shaba hujivutisha moshi wa sumu, yeye na majirani zake. Alumini inatosha.

Swali la maana ni alumini ipi. Kopo la soda ni jembamba mno. Joto hukwama karibu na chanzo chake kabla halijafika ukingoni. Sufuria ya kusubu ina unene mzuri, lakini imeyeyushwa kutokana na skrepa za kila namna, zikiwemo sehemu za injini zenye silikoni nyingi, na mchanganyiko huo hupunguza sana uwezo wake wa kupitisha joto. Hazina yenyewe iko kwa fundi wa madirisha. Siku hizi karakana za madirisha ya alumini zimeenea katika miji ya Tanzania, na kila fremu inayokatwa huacha vipande vya inchi mbili tatu vinavyosubiri mnunuzi wa chuma chakavu. Fremu hizo kwa kawaida ni za aloi iitwayo 6063, na aloi hiyohiyo ndiyo viwanda vingi hutumia kutengenezea hitisinki. Kwa hiyo kipande kilichoanguka chini ya msumeno wa fundi madirisha hakina upungufu wowote wa asili. Kinachokosekana ni umbo.

Na umbo hupatikana kwa hesabu. Tuseme chipu inatoa wati 10, na fundi anataka isizidi joto la chumba kwa nyuzi zaidi ya 30. Bila feni, mita moja ya mraba ya alumini iliyopakwa rangi huachia takriban wati 10 kwa kila nyuzi moja. Basi zinahitajika sentimita za mraba 330 hivi. Pezi la sentimita 10 kwa 4, likihesabiwa pande zote mbili, lina 80. Mapezi matano yanatosha na kubakiza. Mji wa Singida, hata hivyo, uko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya saba kuliko ya pwani, nayo hubeba joto pungufu. Aongeze pezi la sita. Kisha ayasimamishe wima ili hewa moto ipande bila kizuizi, na ayapake rangi nyeusi nyembamba, maana alumini inayong'aa ni mchoyo wa kutoa joto kwa mnururisho. Fremu yenye umbo la U ni bora kuliko mabapa yaliyofungwa kwa skrubu, kwa kuwa kila kiungio huacha upenyo wa hewa, na hewa hupitisha joto mara maelfu chini ya alumini.

Sehemu ngumu ni uso wa chini, unaogusa chipu. Huko ndiko subira ya fundi inakopimwa. Msasa hutandazwa juu ya kioo cha dirisha, kwa sababu kioo kimenyooka kuliko meza yoyote ya seremala. Uso wa alumini huchorwa mistari ya kalamu ya wino mzito, kisha husuguliwa kwa mizunguko ya umbo la nane bila kukandamizwa. Mstari uliofutika umeonyesha mwinuko, uliobaki umeonyesha bonde. Huchorwa tena, husuguliwa tena kwa msasa laini zaidi, mpaka mistari yote ifutike kwa pamoja. Baada ya hapo pesti ya kupitishia joto hupakwa kidogo kabisa, ya kujaza mikwaruzo tu. Dawa ya meno, ambayo wengi huipendekeza, hufanya kazi mpaka maji yake yakauke. Isitumike kwenye kitu cha kudumu.

Watu watasema hitisinki za kiwandani zinapatikana katika soko la Kariakoo, Dar es Salaam, kwa bei ndogo. Ni kweli, lakini Kariakoo iko karibu kilomita 700, na nyingi za hitisinki hizo zimebuniwa kwa ofisi safi: mapezi yamebanana kwa milimita mbili, feni inapuliza katikati. Kuanzia Mei mpaka mvua zirudi, upepo wa Singida hubeba vumbi kavu, na feni hulishindilia kwenye mapezi hayo mpaka ligeuke blanketi. Fundi anaweza kuacha nafasi ya milimita nane, akaiondoa feni, na kusafisha kukawa kazi ya brashi ya rangi.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama, na linastahili kuheshimiwa. Prosesa ya wati 100 haipoozwi kwa vipande vya fremu bila feni, na laptopu haina nafasi. Mahali pa ufundi huu ni kompyuta ndogo kama Raspberry Pi 4, inayojipunguzia kasi ikifika nyuzi 80, na ruta, chaja za sola, na amplifaya ambazo mafundi redio wamezifungia alumini miaka mingi. Hao ndio wanaojua kwamba mgongo wa transista mara nyingi una umeme, na kwamba pasipo karatasi ya maika katikati, hitisinki nzima inakuwa waya hai. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, zina karakana ambamo ujuzi huo ungefundishwa sambamba na namna ya kuupima: kompyuta ifanyishwe kazi nzito saa nzima, mchana wa Oktoba, mlango ukiwa wazi kama utakavyokuwa siku zote. Ikibaki chini ya nyuzi 70, ikabidhiwe kwa mwenyewe. Ikizidi, hitisinki ifunguliwe na uso urudi kwenye kioo.