Sura Iliyo Juu ya Dinari

Tumezoea kusoma Marko 12:13-17 kama fundisho la kodi. Leo tuitazame sarafu yenyewe. Wataalamu wengi huiona kuwa dinari ya Kaisari Tiberio, aliyetawala mwaka 14 hadi 37 B.K.: kipande cha fedha kisichofika gramu 4, ujira wa kibarua kwa siku.

Upande mmoja una kichwa cha Tiberio chenye taji la majani, na maandishi yanayomwita mwana wa Augusto aliyefanywa mungu. Upande wa pili mwanamke ameketi, ameshika fimbo ndefu na tawi la mzeituni, alama ya amani. Maandishi yanamtaja Kaisari kuwa kuhani mkuu.

Kwa ufundi, kazi hii ni nzuri. Kwa ujumbe, ni mahubiri ya uongo yaliyopita mkono hadi mkono: uungu ni wa ukoo wa Kaisari, ukuhani ni wake, amani ni yake. Wayahudi waliijua amani hiyo kwa askari na watoza ushuru.

Yesu hakuivunja sarafu. Aliagiza irudishwe kwa mwenye sura. Lakini mwanadamu amebeba sura ya nani? Mwanzo 1:27 yatujibu. Basi tukimpima jirani kwa fedha zake, na kumpa tajiri kiti cha mbele kanisani, tumempa Kaisari kilicho cha Mungu. Sadaka tumeshaitoa kapuni. Je, sisi wenyewe tumejitoa?