Asilimia ya Nani? Uhakiki wa Hesabu za Wakimbiaji

Katika mazungumzo ya walimu wa michezo wa Afrika Mashariki limo dai moja ambalo limerudiwa mara nyingi hata likakaribia kuwa methali, nalo ni kwamba Wakenya hushinda mbio ndefu kwa sababu utotoni walikimbia kwenda shuleni. Katika makala haya tunakusudia kulihakiki dai hilo kwa kuutazama uchunguzi mmoja unaotajwa sana kuliunga mkono. Tumeuchagua kwa kuwa hesabu zake ni chache na zinaeleweka, na kwa kuwa mwanafunzi wa sayansi ya michezo anayeogopa takwimu aweza kuanzia hapo badala ya kuanzia kwenye kanuni asizojua zimetoka wapi.

Tunaandika tukiwakumbuka hasa wasomaji wetu wa Malawi. Kanengo ni sehemu ya viwanda na ya mnada wa tumbaku, kaskazini mwa Lilongwe. Mbele zaidi, katika wilaya ya Dowa, iko kambi ya Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza katika zama za Kamuzu Banda. Ilikusudiwa kuchukua watu wapatao 10,000 hadi 12,000, na sasa ina zaidi ya 50,000, walio wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili humo ni lugha ya soko na ya uwanja wa mpira. Lakini masomo ya juu yalipofika huko mwaka 2010, kwa mpango wa Wajesuiti uliowawezesha wakimbizi kusomea diploma ya Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani, yalikuja kwa Kiingereza. Basi mwanafunzi huzijadili mbio kwa lugha moja na kuzihesabu kwa lugha nyingine, na katika kuvuka huko ndiko maana humponyoka.

Uchunguzi wenyewe ulichapishwa mwaka 2006 na Vincent Onywera, Robert Scott, Michael Boit na Yannis Pitsiladis. Hatuwezi kusema kwamba hawakuijua riadha, maana Boit ndiye aliyepata medali ya shaba ya mita 800 mjini Munich mwaka 1972. Waliwahoji wakimbiaji 404, kuanzia wa mita 800 hadi wa marathoni. Kati yao 97 walikuwa wa kiwango cha kimataifa na 307 wa kiwango cha taifa. Kando yao waliwekwa Wakenya 87 wa kulinganishia. Waliokimbia kwenda shuleni walikuwa asilimia 23 ya kundi la kulinganishia, asilimia 73 ya wakimbiaji wa taifa na asilimia 81 ya wale wa kimataifa.

Msomaji wa haraka huishia hapo, akafunga kitabu. Sisi twamwomba akifungue tena, kwa kuwa karibu na tarakimu hizo zimo nyingine. Waliotoka katika Mkoa wa Bonde la Ufa, kama ulivyoitwa wakati huo, walikuwa asilimia 20 ya kundi la kulinganishia, asilimia 65 ya wakimbiaji wa taifa na asilimia 81 ya wale wa kimataifa. Ngazi hizi mbili zinapanda pamoja. Je, mbio za shuleni ndizo zilizomfikisha mkimbiaji alikofika, au ni nyanda za juu, au ni kuzaliwa penye makocha, kambi za mazoezi na jirani aliyejenga nyumba kwa fedha za mbio? Hesabu za makundi haya hazisemi. Hata hizo asilimia 81 mbili hatuwezi kudhani kwamba ni za watu wale wale.

Yafaa mwanafunzi ageuze asilimia kuwa watu, zoezi dogo ambalo tungependa lifanywe katika kila darasa. Asilimia 20 ya watu 87 ni watu 17 hivi. Kwa hiyo mtu akitaka kulinganisha kwa haki, yaani mkimbiaji wa Bonde la Ufa na asiye mkimbiaji wa Bonde hilo hilo, upande mmoja wa mizani atawapata watu 17 tu. Wanne wakijibu vingine, asilimia hutikisika kwa zaidi ya 20. Tena walioulizwa walikuwa watu wazima waliokumbuka utoto wao, na bingwa ambaye amekwisha kuulizwa swali hilo na waandishi wengi huenda akalikumbuka jibu kuliko njia yenyewe.

Lakini kosa kubwa zaidi ni la wasomaji, si la watafiti. Wao walihitimisha kwa kiasi: kwamba wakimbiaji hao wana asili ya kipekee kwa mahali, kwa kabila na kwa umbali wa kwenda shuleni. Aliyegeuza “wengi wa mabingwa walikimbia kwenda shuleni” kuwa “wanaokimbia kwenda shuleni huwa mabingwa” alibadilisha mwenye asilimia. Asilimia 81 ni ya mabingwa. Ya watoto wanaokimbia kwenda shuleni hatujaambiwa, na hapana shaka ni ndogo mno, kwa kuwa watoto hao ni wengi sana na mabingwa ni wachache.

Hapa Kiswahili chatusaidia kuliko tunavyodhani. Sarufi yetu inayo kauli ya kutendana na kauli ya kutendesha, nasi twazifundisha kila mwaka bila kufikiri kwamba ni zana za mtafiti. Mambo mawili yakiandamana, bado hatujapata ruhusa ya kusema kwamba moja limeliandamisha jingine. Mwanafunzi aliyelishika somo hilo la vitenzi amekwisha kulishika somo gumu kuliko yote ya takwimu, nalo kitabu cha Kiingereza humfundisha kwa kurasa nyingi.

Kwa upande mwingine tafsiri zetu hutuangusha. Matokeo ambayo hesabu imeonyesha kwamba hayaelekei kuwa ya bahati, wanafunzi huyaita “muhimu”, kwa kufasiri neno la Kiingereza neno kwa neno. Sasa tofauti ya nusu sekunde katika mbio za kilomita 10 yaweza kuwa si ya bahati, endapo wamepimwa watu wengi wa kutosha, na isiwe na umuhimu wowote kwa kocha. Twapendekeza isemwe “tofauti isiyo ya bahati”, na neno muhimu liachiwe kazi yake. Kadhalika wastani: watoto watano wakikimbia mita 100 kwa sekunde 14, 15, 15, 16 na 40, kwa kuwa wa mwisho alianguka, wastani wao ni sekunde 20, nao ni muda ambao hakuna hata mmoja wao aliyekaribia. Ya katikati, 15, yaeleza zaidi.

Yawezekana mtu akauliza kwa nini tujisumbue hivi kwa ajili ya mbio. Twajibu kwamba dai hili lina mwenye kulilipia. Mtoto wa Dowa anayetembea mwendo mrefu asubuhi akiambiwa kwamba umbali huo ni mazoezi, basi umbali umekuwa sifa, na anayepaswa kujenga shule karibu amepata udhuru. Vivyo hivyo kwa wakimbiaji watano wa asili ya Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma na kushiriki Olimpiki ya Rio mwaka 2016 katika timu ya kwanza ya wakimbizi. Hao walichaguliwa kwa majaribio na wakapewa mazoezi na makocha karibu na Nairobi. Haifai kuwatumia kuonyesha kwamba maisha ya kambi humjenga mkimbiaji.

Darasa la Dzaleka laweza kulijaribu jambo hili lenyewe, kwa gharama ya saa moja ya kupimia mbio. Wanafunzi wa kupimwa wateuliwe kwa kura kutoka orodha ya shule, wala wasichukuliwe wanaojitolea, kwa sababu wanaojitolea kukimbia ni wale wanaojua kukimbia. Umbali wa nyumbani upimwe kwa hatua, usiulizwe. Kila mmoja akimbie mita 1,000 siku mbili tofauti, ili ionekane jinsi muda wa mtu yule yule unavyobadilika. Umri uandikwe, na pia miaka aliyokaa kambini, maana wako waliokulia Lilongwe wakarudishwa Dzaleka baada ya amri ya serikali ya mwaka 2023, na watoto wa mjini wasichanganywe na wengine bila kujulikana. Kisha wa umri mmoja walinganishwe wao kwa wao, na maelezo ya matokeo yaandikwe kwa Kiswahili kwanza, kabla ya kuipa kompyuta tarakimu hata moja.