Kushiriki, Kushirikiana na Kushirikishwa: Utafiti wa Pamoja wa Sanaa Katika Meru na Embu

Katika mafunzo ya uzamili ya nadharia ya sanaa ya kisasa, dhana ya ushirikiano imepata hadhi kubwa tangu miaka ya 1990. Inadaiwa kuwa msanii si tena mtu wa kujitenga na kuibuka na kazi iliyokamilika, bali ni mtafiti akaaye na watu, na mazungumzo yao ndiyo kazi yenyewe. Mwaka 1993 Christopher Frayling wa Royal College of Art, London, alitofautisha utafiti juu ya sanaa, utafiti kupitia sanaa na utafiti kwa ajili ya sanaa. Mwaka 1998 Nicolas Bourriaud wa Ufaransa alishikilia kuwa mahusiano baina ya watu yaweza kuwa ndiyo malighafi ya msanii. Mwaka 2012 Claire Bishop aliwapinga wale waisifuo kazi kwa sababu tu imehusisha watu wengi: nia njema haitoshi kuifanya kazi dhaifu iwe sanaa bora. Makala haya yanakusudia kuipima dhana hiyo kwa mizani ya Kiswahili, na kwa mifano ya Meru na Embu, ambako wasomi wamekuwa wakitafuta maarifa kwa wenyeji kwa karibu karne moja.

Lugha yenyewe yatoa kipimo. Kushiriki ni kuwa na fungu katika jambo. Kushirikiana kuna kiambishi cha kutendana: fungu la huyu hulitegemea la yule, wala hapana aliye mgeni mwalikwa. Kushirikisha ni kutendesha: yupo mwenye shughuli, naye humwingiza mwingine kwa hiari yake na kwa masharti yake. Kushirikishwa ni hali ya huyo aliyeingizwa. Nadharia za ng'ambo huelekea kuzitia hali hizi zote katika kapu moja. Mhakiki wa Kiswahili hana sababu ya kufanya hivyo, maana viambishi vinamlazimu aulize: nani mtenda, na nani mtendwa?

Mfano wa kwanza ni H. E. Lambert. Wasomaji wa isimu wanamfahamu kwa Ki-Vumba (1957) na Chi-Jomvu na Ki-Ngare (1958). Hukumbukwa kwa nadra kwamba kabla ya hapo alikuwa Mkuu wa Wilaya ya Meru, na kwamba mwaka 1947 alichapisha utafiti juu ya mamlaka za jadi za Wameru na matumizi yake katika utawala. Maarifa yaliyomo aliyapata kwa wazee, hasa wa Njuri Ncheke. Hapana shaka kazi hiyo ina thamani. Lakini swali lilikuwa la serikali, na jibu lilikwenda serikalini. Wazee walishirikishwa.

Baada ya uhuru hali ilianza kubadilika. H. S. K. Mwaniki alichapisha historia ya Embu na Mbeere mwaka 1973, kisha mwaka 1974 akatoa Embu Historical Texts, mkusanyo wa masimulizi yenyewe. Hatua hiyo ya pili ndiyo yenye maana hapa, kwa kuwa msomaji aweza kuyalinganisha maneno ya wasimulizi na tafsiri ya mwanahistoria. Jeffrey Fadiman naye alikusanya masimulizi ya wazee wa Meru, na kitabu chake cha mwaka 1993 kinaieleza asili ya Mbwaa, ambayo yeye aliihusisha na kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Mwaka 1997 Ciarunji Chesaina alitoa kitabu juu ya fasihi simulizi ya Waembu na Wambeere. Kazi hizi zimeokoa mengi. Hata hivyo, jina la mwandishi ni moja juu ya jalada.

Kushirikiana hasa kulionekana Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, pale wanakijiji walipoujadili na kuurekebisha mswada wa Ngaahika Ndeenda wa Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Serikali ilipiga marufuku maonyesho mwaka huohuo, na mwaka 1982 ikaubomoa ukumbi. Hofu hiyo ya watawala ni ushahidi kwamba mipaka kati ya mtunzi na hadhira ilikuwa imevukwa kweli. Miaka arobaini baadaye, Mradi wa Kimataifa wa Orodha uliwaunganisha wasanii wa Nairobi na Ujerumani, Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na majumba ya makumbusho ya Cologne na Frankfurt. Uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo nje ya nchi, na katika maonyesho ya Nairobi ya mwaka 2021 makabati matupu yaliwekwa mahali pa vitu visivyokuwapo. Hapa utafiti na sanaa havitenganishiki: orodha ni ya mtafiti, kabati tupu ni la msanii, na kila kimoja hukosa nguvu bila kingine. Jaribio hilo lajibu pia pingamizi la Bishop, kwa kuwa linasimama kisanaa.

Tatizo lenyewe limo chuoni. Chuo Kikuu cha Chuka na kile cha Meru vilipata hati zao mwaka 2013, na cha Embu mwaka 2016. Cha Meru kiko Nchiru, palipo makao ya Njuri Ncheke. Mtahiniwa wa uzamili aweza kwenda kwa wapiga ngoma wa Chuka, ambao hubana ngoma ndefu mapajani, wakapiga na kucheza kwa wakati mmoja; aweza kutunga nao kazi mpya; kisha katika ukurasa wa kwanza wa tasnifu atatia sahihi kwamba hii ni kazi yake mwenyewe. Kwa sahihi hiyo, walioshirikiana naye wamegeuzwa kuwa walioshirikishwa.

Itasemwa kuwa mtahini lazima ajue ni nini alichofanya mtahiniwa. Hoja hiyo ni ya haki, lakini haidai kuficha wengine. Hoja na uchambuzi viwe vya mtahiniwa. Utunzi utajwe kuwa wa wote, kwa majina, pale wenyewe waridhiapo. Sheria ya mwaka 2016 ya Kenya ya kulinda maarifa na sanaa za jadi tayari inataka idhini ya awali ya wenyewe na mgawo wa haki wa faida. Kanuni za shahada zisiwe nyuma ya sheria ya nchi.

Tahadhari moja yabaki. Neno "jamii" laweza kuficha utawala wa ndani. Njuri Ncheke ni baraza la wanaume. Idhini yake si idhini ya mwanamke mwenye wimbo wake, wala ya kijana aliyebadili mdundo. Kwa hiyo mtafiti hana budi kuuliza swali la kutenda na kutendwa ndani ya jamii kama aulizavyo baina ya jamii na chuo. Idara za lugha za Kiafrika, ambazo hufundisha minyambuliko ya vitenzi kila mwaka, zina wajibu wa kwanza wa kuliweka swali hilo katika mtaala wa uzamili.