Mlango Unaomjua Mbuzi

Katika kaya nyingi za Singida na Dodoma, mbuzi na kuku huishi ua mmoja, na kwa sehemu kubwa ya siku hawasumbuani. Kuku huwafuata mbuzi wakidonoa wadudu wanaokurupushwa na kwato, kisha wakachakura samadi zizini. Ugomvi huanzia penye chakula. Pumba, chenga za mahindi na mashudu ya alizeti yaliyotengwa kwa ajili ya kuku humvuta mbuzi kutoka mbali, naye akifika haonji akaondoka. Hula mpaka chombo kibaki kitupu.

Hasara ya chakula ni ndogo ukilinganisha na hatari anamojiingiza mbuzi. Mbuzi hucheua, na vijidudu vya tumbo lake la kwanza vimezoea majani na matawi, vitu vinavyomeng'enywa polepole. Nafaka iliyosagwa ikiingia kwa wingi na kwa ghafla, wanga wake huchachuka upesi na kuzaa asidi kali. Kipimo cha pH tumboni, ambacho kwa kawaida huwa kati ya 6 na 7, hushuka chini ya 5.5. Maji ya mwilini huvutwa kuingia tumboni, mnyama akaharisha, akasaga meno, akasimama ameinamisha kichwa. Wengine hufa katika siku moja au mbili. Mfugaji aliyeacha debe la pumba wazi anaweza kupoteza mbuzi aliyemlea miaka mitatu.

Wapo wanaotumia kamba, kwa kuwa mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Lakini mbuzi aliyefungwa anaweza kujinyonga au kukosa kivuli, na mbwa wakija hana pa kukimbilia. Fundi mzuri wa mabanda huacha kamba kando. Hutafuta kitu ambacho kuku anaweza na mbuzi hawezi, kisha akajenga juu ya tofauti hiyo.

Jibu la haraka ni tundu dogo kwenye banda lenye chakula cha kuku, na fundi mzuri anaijua kasoro yake. Mwanambuzi wa wiki mbili ni mwembamba kuliko jogoo mkubwa, tena jogoo anahitaji nafasi ya upanga wake. Tundu linalompitisha jogoo litampitisha na mwanambuzi. Kwa hiyo ukubwa peke yake hautenganishi, na hapo fundi huliinua tundu hadi usawa wa kifua cha mtu. Mbele yake haweki ubao wala ngazi, bali fito moja ya mviringo, nyembamba kuliko kifundo cha mkono. Kuku wa kienyeji huruka, akaikamata fito kwa vidole, akaingia. Mbuzi naye ni hodari wa kuruka, lakini kwato zake hutaka mahali pa kutua, na juu ya fito ile hapapo.

Bado mbuzi atasimama kwa miguu ya nyuma na kuchungulia, maana hivyo ndivyo anavyochuma majani ya migunga. Fundi ameshalifikiria hilo pia: kihori cha kuku hukaa ukuta wa mbali, kupita urefu wa shingo. Fito za ukuta humenywa magome kabla ya kusimikwa, kwa sababu mbuzi hubandua magome kwa meno ya chini. Vifungo vya waya hugeuzwa ndani, asipate ncha ya kutafuna. Komeo la mlango wa mwenye nyumba hutiwa kijiti cha kuzuia, kwani midomo ya mbuzi ni myepesi na hujifunza kufungua kwa kulambalamba.

Kwa vifaranga, ambao bado hawajui kuruka, hutumika tenga lililofunikwa juu ya chakula na kulemewa na jiwe. Nafasi kati ya fito zake humruhusu kifaranga kupita na kumzuia mama yake, sembuse mbuzi.

Ustadi huu una upande wa pili unaosahaulika. Kuku akilala juu ya kihori cha mbuzi, kinyesi chake hudondokea kwenye majani na maji, na mbuzi huacha malisho yaliyochafuka hata akiwa na njaa. Hapo fundi huyafunga majani kwa mafungu na kuyaning'iniza, mbuzi ayachume akiwa ameinua kichwa kama porini. Juu ya majani hayo huweka paa lenye mteremko mkali ambako kuku hapati pa kutulia. Kuku aliyepewa ruhusa ya bawa kwenye mlango wa kwanza, hapa ananyimwa nafasi ya mguu.

Ninachokiheshimu katika kazi hii ni adabu yake kwa wanyama. Hakuna anayepigwa kwa kuwa na njaa, wala anayefungwa kwa kuwa mdadisi. Fito, waya na siku mbili za kazi hutosha. Maofisa ugani wanaopita vijijini na michoro ya mabanda wangefaa kuketi na mafundi hawa kabla ya kuanza kufundisha, kwa sababu vipimo vyao havikutoka kitabuni. Vimetoka kwa mwanambuzi mdogo kuliko wote na jogoo mkubwa kuliko wote wa kaya ile ile, waliosimamishwa ubavu kwa ubavu kabla tundu halijakatwa.