Usawiri wa Susan katika The Last Battle

Juzuu hii ya saba, iliyofunga hadithi za Narnia mwaka wa 1956, yanikera kwa jambo moja. Susan, aliyekesha na Lucy akiulilia mwili wa Aslan katika juzuu ya kwanza (1950), hapa hatokei kabisa. Twamsikia vinywani mwa wenzake tu. Kakake Peter asema si rafiki wa Narnia tena. Jill amcheka kwa soksi za nailoni na rangi ya mdomo. Mtahiniwa asiziite hizo sifa za Susan kabla ya kuwapima wasemaji. C.S. Lewis hakumpa nafasi ya kujitetea. Tena ajali ya garimoshi imewaua wazazi na ndugu zake wote watatu. Hao washangilia nchi mpya; yatima aliyebaki Uingereza, msimulizi hamtaji.