Hamira Inapokufa kwa Amri ya Jeni ya Binadamu

Hamira inayoumua maandazi, Saccharomyces cerevisiae, haina jeni ya Bax wala Bcl-2. Kwa mtafiti wa vifo vya seli, upungufu huo ni mali.

Katika mwili wa binadamu, seli iliyoharibika au isiyohitajika tena hujimaliza kwa utaratibu: DNA yake hukatwakatwa, seli husinyaa, na mabaki humezwa na seli nyingine. Bax huisukuma seli upande huo kwa kutoboa utando wa nje wa mitokondria. Bcl-2 huizuia, na baadhi ya saratani hustawi kwa sababu kizuizi hicho kimezidi. Ugumu ni kwamba protini hizi zina ndugu wengi ndani ya seli zetu. Ukimgusa mmoja, wengine wanaingilia, na hujui nani kafanya nini.

Mwaka 1994 maabara ya John Reed, huko La Jolla, California, ilikuwa ikitumia hamira kupima ni protini zipi za ukoo huu zinazoshikana. Hamira iliyopewa Bax ikafa. Iliyopewa Bax pamoja na Bcl-2 ikaishi. Kikwazo cha jaribio kikageuka kuwa jaribio lenyewe, na mwaka 1998 Qunli Xu na Reed wakakitumia kutafuta walinzi wapya.

Jeni ya Bax iliunganishwa na swichi inayotii sukari. Kwenye glukosi imezimwa, na hamira inazaliana kama kawaida. Kwenye galaktosi inawaka, na hamira inakufa. Kisha kila seli ikaongezewa plazmidi, yaani kiduara kidogo cha DNA, iliyobeba kipande kimoja cha jeni za binadamu, vipande tofauti kwa seli tofauti, na zote zikahamishiwa kwenye galaktosi. Karibu zote zinakufa. Koloni chache zinazochomoza kwenye sahani ndizo zinazotafutwa. Huhitaji kukagua seli moja moja kwa hadubini, kwa kuwa kifo chenyewe kinachuja.

Ila kuna wadanganyifu. Seli inaweza kupona kwa sababu tu swichi yake imeharibika, au kwa badiliko katika jeni zake yenyewe. Kwa hiyo unapima kwanza kama Bax bado inatengenezwa. Kisha unaitoa plazmidi, unaizalisha ndani ya bakteria, na kuiingiza katika hamira ambayo haijawahi kuonja galaktosi. Ikiokoa tena, sifa ni ya jeni ya binadamu. Kwangu mimi, uzito wote wa kazi hii uko kwenye marudio hayo. Bila hayo ungebaki na orodha ya bahati. Kilichopatikana kikaitwa Kizuizi cha Bax namba 1, protini inayokaa kwenye utando wa retikulamu ya endoplazimu. Kilipopelekwa kwenye seli za mamalia, nazo kikazikinga dhidi ya Bax.

Swali la kama hamira ina mpango wake wa kufa ni jingine, na huchanganywa mno na hili. Mwaka 1997 Frank Madeo na wenzake, Ujerumani, walieleza hamira yenye badiliko katika jeni ya CDC48 iliyokufa ikiwa na dalili zilezile za seli ya binadamu inayojimaliza: DNA iliyokatika, na lipidi iitwayo fosfatidilserini iliyohamia upande wa nje wa utando. Hoja nzuri zaidi ilikuja 1999. Hidrojeni peroksidi kidogo iliua hamira, lakini ukizuia utengenezaji wa protini mpya, hamira ilipona. Seli iliyokuwa ikihitaji kutengeneza protini ili ife ilikuwa ikishiriki katika kifo chake.

Mwaka 2002 kikundi hicho kiliihusisha protini Yca1 na kifo hicho, na wengi wakaiita kaspasi ya hamira. Jina hilo limevuka mpaka. Kaspasi za binadamu hukata protini baada ya aspartati. Ukoo wa Yca1 hukata baada ya arjinini au laisini. Matokeo ya Bax hayategemei ubishi huo hata kidogo, maana pale muuaji na mlinzi wote waliletwa kutoka nje.